Luciana na Spika Iliyotafunwa na Panya

Luciana, mke wa Antipasi wa Sepuka, alipenda kelele. Za watu kugombana alizikimbia kama mtu mwingine yeyote mwenye akili zake. Alichopenda ni kelele za vitu. Mvua ya mawe ikianza kupiga bati la kanisa katikati ya misa, wenzake walijikunyata na kufanya ishara ya msalaba, yeye akainua uso akatabasamu. Kwenye mashine ya kusaga ya Mazengo, wanawake walitua madebe yao ya uwele wakaenda kusubiri nyuma ya duka, lakini Luciana alisimama mlangoni, karibu kabisa na injini, unga ukimjaa kwenye nyusi.

"Mama Samweli!" Mazengo alikuwa akimpigia kelele. "Utakuwa kiziwi!"

"Unasemaje?" alijibu Luciana, na wote wawili wakacheka, kwa sababu walisemezana hivyo kila wiki.

Mumewe alikuwa kinyume chake kabisa. Antipasi alikuwa mtu wa ng'ombe, mpole, aliyeweza kukaa malishoni kutwa nzima bila kutamka neno, akarudi jioni akisema siku ilikuwa nzuri, hapakuwa na fujo. Nyumbani walizungumza Kinyaturu kwa sauti ya chini, maana ndivyo alivyopenda mwenye nyumba. Watoto wao walikua wakijua kwamba baba akiweka kikombe mezani hakuna anayesikia, na mama akisugua sufuria jirani wa mbali anajua leo kumeliwa nini. Walipendana hivyo hivyo, kila mmoja akimwona mwenzake ana kasoro ndogo ambayo Mungu angeirekebisha siku moja.

Mwaka 1971, Jumamosi moja ya mwezi wa Agosti, Luciana alipanda lori la vitunguu kwenda Singida mjini kuuza kuku. Alifikia kwa Esta, binti wa kaka yake, aliyekuwa fundi cherehani karibu na soko. Kuku walikwisha Jumamosi hiyo hiyo, lakini lori la kurudi lilikuwa la Jumatatu. Jumapili, baada ya kutoka kanisani, akamwona Esta anajipaka poda mbele ya kipande cha kioo.

"Unakwenda wapi umejiremba hivyo?"

"Bugini, shangazi."

"Bugi ni kitu gani?"

"Dansi la mchana, la vijana. Linaanza saa nane, jua likizama kila mtu amekwisha rudi kwao. Hakuna ubaya wowote."

"Na mimi nikae hapa na kuku?"

"Kuku si umeshawauza, shangazi?"

"Ndiyo maana nauliza."

Esta alimtazama shangazi yake: mama mwenye miaka arobaini kasoro, mnene kidogo, khanga kiunoni, nyingine kichwani, malapa miguuni. Akafikiria rafiki zake watasemaje. Halafu akacheka, akampa poda.

Ukumbi ulijaa vijana. Wavulana walivaa suruali za bugaluu zilizofagia sakafu, wasichana walivaa magauni mafupi ambayo Luciana aliyatazama mara moja tu, kisha akaamua kwamba hayamhusu. Alikaa kwenye benchi karibu na makreti ya soda. Bendi iliitwa Kindai Jazz, kwa jina la ziwa lililo pale mjini. Kiongozi wao, Philipo, alipiga tarumbeta na alivaa tai hata kukiwa na joto la namna gani. Wakapiga rumba, wakapiga chacha, wakapiga tena rumba. Vijana walicheza kwa madaha. Luciana aliona ni muziki mzuri, mtamu kama uji wa asali, na kama afanyavyo mtu aliyeshiba uji, akaanza kusinzia.

Mwishoni Philipo alitazama saa yake, akashusha tarumbeta, akatoka nje kuvuta sigara. Hapo kijana mwembamba wa gita, ambaye tangu mchana alikuwa akipiga vizuri bila kuangaliwa na mtu, aliinama akachomoa waya kwenye spika moja akauchomeka kwenye nyingine, iliyokuwa imefunikwa gunia pembeni. Akaliondoa gunia. Akapiga uzi mmoja tu, ule mnene kuliko wote.

Luciana alifumbua macho. Sakafu ilikuwa inatetemeka. Chupa za soda ziligongana ndani ya kreti. Ilikuwa sauti nzito, yenye mikwaruzo, kama lori lililojaa magunia likipanda mlima kwa gia ya kwanza, na kabla haijaisha yule kijana aliisogelea spika, gita likiwa limeielekea, akaondoa mkono kabisa kwenye nyuzi. Gita likaendelea kulia lenyewe. Lilianza kwa kuguna, likapanda, likawa mlio mrefu unaojikunja na kujikunjua. Mpiga ngoma akaiacha ngoma. Alikuwa na pipa tupu la mafuta, na kando yake chuma cha plau kilichoning'inizwa kwa waya, akaanza kuvipiga kwa zamu, polepole, kana kwamba anabomoa ukuta na hana haraka.

Vijana walijaribu kucheza wakashindwa. Mguu haukujua uende wapi. Wengine walipiga miluzi, wengine walitoka kununua karanga, na Esta akaziba masikio akimtafuta shangazi yake benchini. Hakumwona. Luciana alikuwa amekwisha simama mbele kabisa, peke yake, macho ameyafumba, mkono ameuweka kifuani. Mlio ule ulimwingia kwenye nyayo, ukapanda magotini, ukafika tumboni ukakaa humo. Alikumbuka mvua ya mawe. Alikumbuka mashine ya Mazengo. Akahisi kwamba miaka yote hiyo alikuwa akiokota makombo, na leo amewekewa sahani nzima.

Walipoacha, ukumbi mzima ulibaki na watu wachache tu.

"Mwanangu," Luciana alimwambia yule wa gita, "huu wimbo unaitwaje?"

"Shikamoo mama. Hauna jina."

"Marahaba. Basi urudieni."

Kijana yule alimtazama mwenzake wa pipa, akamtazama tena mama huyu. Hakuna mtu aliyewahi kuwaambia hivyo. Aliitwa Fabiano, Mnyiramba wa Misigiri. Yule wa pipa alikuwa Manase. Waliurudia. Philipo aliingia mbio, sigara mkononi, akazima umeme.

Wakati wanakunja nyaya, Fabiano alimsimulia Luciana habari za spika ile. Wakati wa masika panya waliingia stoo wakatafuna karatasi yake, na fundi alitaka kuibandika mpya. "Nikasema ngoja kwanza niisikie," alisema Fabiano. "Nikaiwasha, mama, nywele zikanisimama. Sisi kwetu, magari yakitoka Sekenke yanapanda ule mlima usiku kucha. Mimi nimelala na sauti hiyo tangu nikiwa mgongoni. Sikujua kwamba ninaikumbuka mpaka panya waliponikumbusha."

"Msiibandike," alisema Luciana.

Tangu siku hiyo, kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, Luciana alikuwa na sababu ya kwenda Singida. Mara kuku, mara mayai, mara kuna gauni Esta anamshonea. Gauni lile lilishonwa mwaka mzima. Vijana wa bugi walimzoea. Walimwachia nafasi yake mbele, na kwa kuwa hawakujua jina lake wakampa la kwao: Mama Ngurumo. Fabiano na Manase nao walikuwa wakiandaa jambo jipya kwa ajili yake: mwezi mmoja Manase alileta mnyororo akauburuta juu ya pipa, mwezi mwingine Fabiano alipiga gita kwa kisu cha mezani. Baadhi ya mambo hayo yalikuwa mabaya kweli, na Luciana aliwaambia. "Mnyororo, hapana," alisema. "Unakwaruza tu, hauna uzito."

Lakini Sepuka si mbali na mjini kiasi cha mtu kuweza kuficha mambo. Rahabu, jirani aliyekuwa na macho makali na kazi chache, alimkuta Antipasi akinywesha ng'ombe.

"Mzee Antipasi, mkeo siku hizi ana mambo mengi mjini."

"Anauza mayai."

"Kuku wenu wanataga sana, basi."

Antipasi alirudi nyumbani akawatazama kuku wake mmoja mmoja. Hakumuuliza mkewe neno. Jumapili ya kwanza iliyofuata alimwachia kijana wa ndugu yake ng'ombe, akavaa koti lake la kanisani, akachukua fimbo, akafuata kwa lori la pili.

Mlangoni pa ukumbi alizuiwa. "Mzee, hili ni dansi la vijana."

"Namtafuta mke wangu."

"Yukoje?"

"Mnene kidogo. Amevaa khanga."

"Aa, Mama Ngurumo!" Kijana wa mlangoni alifurahi kama aliyetajiwa ndugu yake. "Yupo mbele kule. Pita, mzee wetu, pita."

Antipasi alisikia mke wake ana jina ambalo yeye halijui. Aliingia akiwa ameikaza fimbo mkononi, akapita katikati ya bugaluu na magauni mafupi, na wakati huo huo spika ikaanza. Alihisi kama amepigwa kofi. Aliziba masikio kwa vidole, fimbo ameibana kwapani, akaendelea kusogea mbele mpaka akamwona. Alikuwa peke yake. Hakuna mwanamume aliyekuwa karibu naye, wala mwanamke, wala mtu yeyote mwenye akili timamu. Alikuwa amesimama mbele ya kisanduku kinachonguruma, anatikisa kichwa, machozi yanamtoka na huku anacheka.

Walikaa nje ukutani baadaye, Antipasi akisubiri masikio yaache kupiga.

"Ni hiki tu?" aliuliza.

"Ni hiki tu."

"Hakuna kingine?"

"Kingine cha nini, baba Samweli?"

Antipasi alichokonoa sikio kwa kidole. "Bora angekuwa mwanamume," alisema. "Ningejua pa kuanzia."

Luciana alicheka mpaka akashika ukuta, na Antipasi, akiona anavyocheka, akashindwa kununa. Walirudi pamoja kwenye lori, juu ya magunia. Njiani akamuuliza, kwa kweli kabisa kama mtu anayetaka kujua, inampa nini. Luciana akajaribu kueleza akashindwa. Mwisho akasema, "Wewe ukikaa malishoni kutwa, unapata nini?" Antipasi hakumuuliza tena, na mayai yaliendelea kuuzwa mjini.

Mwaka 1974 watu wa sehemu zile walihamia kijiji kipya. Familia ya Antipasi nayo ilibomoa nyumba, ikabeba nguzo na milango, ikajenga kwenye mstari pamoja na wenzao. Antipasi alikonda. Jirani akikohoa alisikia, mtoto wa nyumba ya tatu kutoka kwake akilia alisikia, na Rahabu sasa alikuwa ukuta kwa ukuta. Mkewe hakusema, lakini aliona raha: asubuhi vinu vilitwanga nyumba hadi nyumba, navyo havikwenda pamoja, akalala kitandani akivisikiliza vinavyopishana.

Kwa upande mwingine alikuwa na huzuni yake. Kule mjini Philipo alikuwa amechoka kulalamikiwa. Alitangaza kwamba ule wazimu wa mwisho umekwisha, na kwamba spika itabandikwa karatasi mpya mara fundi atakapopatikana. Mwezi wa Aprili bugi lilikwisha kwa rumba. Mwezi wa Mei vilevile. Luciana alirudi kijijini akiwa kama mtu aliyerudi kutoka msibani.

Mwezi wa Juni mwenyekiti wa kijiji, Laurenti, aliitisha mkutano kupanga sherehe ya Saba Saba. Kwaya ilikubaliwa, ngoma ikakubaliwa, mashindano ya kuvuta kamba yakakubaliwa. "Kuna pendekezo jingine?" aliuliza Laurenti, akiwa tayari anakunja karatasi zake.

Luciana alinyoosha mkono. "Ndugu mwenyekiti, tualike bendi. Kindai Jazz."

Watu walinong'ona. Laurenti alisafisha koo. "Ndugu Luciana, sisi ni kijiji cha ujamaa. Tunajenga taifa. Mambo ya magita na suruali pana ni ya mjini, tena yametoka Ulaya."

"Ulaya gani, ndugu mwenyekiti? Anayepiga gita ametoka Misigiri. Mama yake analima uwele kama mimi. Na yule wa ngoma anapiga plau. Huko Ulaya wanapiga plau?"

Mkutano ulicheka. Mzee mmoja akauliza bendi itakula nini. Luciana akasema itakula wanachokula wao. Mwingine akasema kama kuna Mnyiramba ndani yake chakula hakitatosha, wakacheka tena, na Laurenti, aliyependa mkutano unaocheka kuliko unaonuna, akapigisha kura. Mkono wa kwanza kunyooshwa ulikuwa wa Rahabu. Alitaka kumwona kwa macho yake huyo aliyekuwa akinunua mayai miaka yote hiyo.

Philipo alikubali kuja, kwa sharti moja. "Rumba na chacha tu, mama. Wazimu hapana."

"Sawa, mwanangu," alisema Luciana. "Lakini wewe kiongozi utakula saa ngapi?"

"Saa kumi hivi."

"Basi saa kumi chakula chako kitakuwa tayari. Nitakipika mwenyewe."

Siku ya Saba Saba upepo ulivuma kama kawaida ya Julai, mkali na mkavu. Bendi ilifika kwenye lori pamoja na jenereta yao, wakapanga vyombo kwenye uwanja wa shule. Luciana alizunguka mara mbili mpaka alipoliona gunia na kilichomo ndani yake. Fundi alikuwa hajapatikana. Kwaya iliimba, kamba ikavutwa, bendi ikapiga rumba na wazee wenyewe wakacheza. Saa kumi Luciana alimfuata Philipo kwa adabu zote, akamwongoza hadi darasa la nne, ambako kulikuwa na meza, maji ya kunawa, ugali wa uwele na jogoo mzima aliyeungwa kwa karanga. Akafunga mlango nyuma yake, akarudi uwanjani akitembea haraka kuliko umri wake.

"Anakula," alimwambia Fabiano.

Fabiano akaondoa gunia.

Mambo yalianza vibaya. Ngurumo ya kwanza ilipotoka, watoto walikimbilia kwa mama zao. Wanawake waliziba masikio. Bibi mmoja aliuliza kama kuna kitu kimelipuka. Luciana alikuwa mbele peke yake kama siku zote, lakini safari hii aliogopa, kwa sababu hawa walikuwa watu wake, na aligeuka kuwatazama akawaona wamekunja nyuso. Gita lilianza kulia lenyewe. Laurenti alisimama kwenye kiti chake, akainua mkono juu kutaka kelele zikome.

Mkono ulibaki hapo hapo hewani, kwa sababu nyuma ya darasa kulisikika sauti nyingine.

Ilikuwa saa ya kunywesha. Ng'ombe wa Antipasi walikuwa wakipita pembeni ya uwanja kwenda kisimani, wakiongozwa na dume lao kubwa jeusi liitwalo Bwana Shauri, ambalo lilipewa jina hilo kwa kuwa liliamua kesi zote za zizini bila rufani. Bwana Shauri alikuwa amesimama. Alisikiliza, masikio mbele. Akainamisha kichwa mpaka pua ikagusa vumbi, akatoa mngurumo uliozunguka uwanja mzima.

Fabiano alishtuka, akanyamaza. Halafu, bila kufikiri, akaugusa ule uzi mnene, taratibu, akajibu.

Bwana Shauri aliparua ardhi kwa kwato, vumbi likaruka mgongoni, akanguruma tena, safari hii kwa muda mrefu zaidi. Fabiano akajibu kwa muda mrefu zaidi. Mtu mmoja nyuma alisema, "Yesu wangu." Dume lilisogea hatua kadhaa kuelekea spika, na watu wakaanza kurudi nyuma wakigongana. Fabiano alizibana nyuzi, gita likanyamaza.

Ndipo Antipasi alipotokea mbio. Hakuna mtu pale aliyewahi kumwona Antipasi akikimbia, wala kumsikia akipaza sauti. Alisimama katikati ya dume na spika, fimbo ameinua, akapiga kelele zilizofika hadi kisimani.

"Usinyamaze! Wewe kijana, piga! Ukinyamaza atajua umeogopa, atakuja kukumaliza! Piga! Ongeza!"

Fabiano akaongeza. Manase akaingia na pipa na plau. Antipasi alitembea mbele ya dume huku na huku, akiliimbia wimbo wa kutuliza ng'ombe ambao kila mchungaji wa pale aliujua, na wachungaji wengine wakauitikia wakipiga miguu chini, fimbo juu. Wanawake wakapiga vigelegele. Laurenti alikuwa bado ameinua mkono, na kwa kuwa wote walikuwa wameinua mikono, naye akaanza kuupunga. Luciana alitazama kushoto akaona mabega ya watu, akatazama kulia akaona mabega ya watu. Rahabu alikuwa amemshika mkono, anarukaruka. Philipo alitokea kwenye mlango wa darasa na paja la jogoo mkononi, akafungua mdomo, hakuna aliyemsikia.

Waliendelea hivyo mpaka Bwana Shauri alipoona kesi hii haina mwisho. Akapiga chafya, akageuka kwa heshima zake, akaenda kunywa maji, na ng'ombe wote wakamfuata. Antipasi aliegemea fimbo akitweta. Mkewe alimletea maji.

"Koo linaniuma," alinong'ona.

"Umepiga kelele, baba Samweli."

"Nimepiga kelele," alikubali, kama mtu anayeungama, na huku anacheka chini chini.

Wimbo ukapata jina siku hiyo hiyo: "Bwana Shauri." Habari zilifika mjini kabla ya bendi yenyewe. Bugi lililofuata vijana waliudai tangu wimbo wa pili, nao walikuwa na mtindo wake tayari, kichwa chini, mguu unaparua sakafu. Philipo alisahau kabisa kwamba aliwahi kuuita wazimu. Aliuwekea tarumbeta mwanzoni, akauwekea maneno kuhusu ufugaji bora, akaupunguza urefu. Ukumbi ulijaa hadi madirishani.

Luciana alisimama mahali pake, akausikiliza mwanzo hadi mwisho. Alipoulizwa na Fabiano, alikunja pua.

"Mmeuosha," alisema. "Umekuwa safi mno."

Fabiano alimvuta pembeni. "Kuna mwingine, mama. Philipo hajausikia. Hauna jina." Na watu walipokwisha kutoka, yeye na Manase walimpigia kidogo, kwa sauti ya chini iwezekanavyo kwa spika ile, na Luciana akarudi kwa Esta anaruka mitaro kama msichana.

Kindai Jazz ilidumu miaka kadhaa tena. Kisha jenereta ikafa, vipuri vikakosekana, na wenyewe wakatawanyika bila ugomvi. Fabiano alirudi Misigiri, akaoa binti aitwaye Lea, akajenga mahali ambapo magari ya Sekenke husikika vizuri. Siku ya harusi Luciana na Antipasi walikwenda na ndama. Manase alipata kazi ya reli huko Manyoni.

Ilikuwa mwaka 1978 Manase alipotuma salamu kupitia dereva wa basi. Alisema ameanzisha kikundi na mafundi wenzake. Hawana gita hata moja. Wana vipande vya reli vimening'inizwa kwa ukubwa tofauti, na tangi la maji la kizamani, na wanapiga Jumapili mchana uwanjani, nyuma ya nyumba za wafanyakazi. Mama Ngurumo aje aseme kama kuna uzito.

Antipasi aliangalia ng'ombe wake akasema hawezi kuwaacha, lakini aliwasindikiza hadi kituo cha basi, maana Luciana hakwenda peke yake. Rahabu alikuwa amefunga khanga mpya tangu alfajiri, akimsumbua dereva waondoke.

Walifika Manyoni jua likiwa limepanda. Manase aliwaamkia, akawapa viti, hawakuvikalia. Watu wachache walikuwa wamesimama mbali kivulini. Mafundi wanne waliinua nyundo, na kipande kirefu kuliko vyote kikapigwa mara moja. Sauti yake ilitoka pana, ikakaa hewani, na kabla haijaisha ikaja ya tangi chini yake.

Rahabu alimshika mwenzake kiwiko. "Mama Samweli, mbona inanifika tumboni?"

Luciana alimvuta mbele kidogo, karibu na reli.

"Simama hapa," alisema. "Pale ulipokuwa haisikiki vizuri."